Mzee Jirani Anagusagusa Nini? Jibu Kuhusu Niwaijiri

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Mufindi, kusini mwa Tanzania, sasa naishi mkoa wa Saitama, Japani, kwa ajili ya kazi ya mume wangu. Tumepanga nyumba yenye bustani ndogo: mti mmoja wa ume (plamu ya Kijapani), vichaka vya ajisai (haidrenjia) na uzio wa tsubaki (kamelia). Jirani yetu ni mzee mstaafu. Kila asubuhi yumo bustanini mwake, na nikimuuliza anafanya nini, anacheka na kusema "niwaijiri". Kamusi yangu inasema ni kilimo cha bustani, lakini sijamwona akivuna hata nyanya. Mtandaoni wanasema ni falsafa ya Wajapani ya kutuliza nafsi. Kwetu shamba ni la kula. Nimeng'oa maua ya pembeni nikapanda mchicha, na sasa nina wasiwasi nimekosea. Niwaijiri ni nini hasa, na mtu kama mimi aanzie wapi?

Jibu: Marahaba, dada. Mchicha uache uendelee kukua. Nitaurudia huko mbele, maana una ndugu Japani ambao huenda hujawatambua. Kwanza neno.

Niwa ni bustani ya nyumbani, ile ya ndani ya ua. Katika nyumba za wakulima wa zamani jina hilo lilitumika pia kwa sehemu ya ndani yenye sakafu ya udongo, mahali pa kazi za mikono. Ijiri inatokana na kitenzi ijiru, na hapo ndipo kamusi yako ilipokuacha njiani. Ijiru ni kugusagusa, kuchezea kwa vidole, kurekebisharekebisha kitu bila haraka. Kijana anayeshinda Jumapili nzima akifungua na kufunga skrubu za pikipiki isiyo na hitilafu yoyote, kazi yake hiyo huitwa baiku-ijiri. Mtoto anayechokoachokoa gaga la kidonda hukaripiwa kwa kitenzi hichohicho.

Basi niwaijiri ni kugusagusa bustani. Sisi Waswahili hatujambo kwa jambo hili: tunarudia kitenzi, na maana inalegea yenyewe, ndiyo maana anayetembeatembea haulizwi anakwenda wapi. Mweleze mama yako kwa simu kwamba mzee jirani anagusagusa bustani yake, ataelewa haraka kuliko ukimwambia "kilimo cha bustani". Kilimo cha bustani kina neno lake, engei, utaliona kwenye majina ya vitivo na vitabu. Kubuni na kujenga bustani ni zoen. Kulima mboga nyumbani ni katei saien. Mzee wako angeweza kutumia mojawapo ya hayo, akachagua lile la kujishusha. Anakuambia kwamba hajidai ufundi, na wala hataki umuulize amepata kilo ngapi.

Kwa sababu hiyo neno hili lina mipaka yake ya adabu. Mtu hulitumia kwa bustani yake mwenyewe. Ukimkuta fundi wa bustani, yaani niwashi, yuko juu ya ngazi akipogoa msonobari wa mtu, halafu ukamwambia kwamba anafanya niwaijiri, umemshusha hadhi; huyo amekaa miaka mingi chini ya bwana wake akijifunza. Kwa mzee jirani sema "Sei ga demasu ne" unapopita. Ndiyo salamu ya kumpa mtu aliyeinama kazini, na mahali pake ni palepale ambapo nyumbani tungesema "pole na kazi".

Kuhusu falsafa, hakuna. Sanaa ya kupanga maua, ikebana, ina shule zenye walimu wakuu na ngazi za kupanda, na Ikenobo ya Kyoto ni mojawapo ya shule kongwe. Sherehe ya chai vilevile. Niwaijiri haina shule, haina cheti, haina mavazi. Tatizo ni kwamba wauzaji wa vitabu vya kujitibu wamegundua kuwa neno lolote la Kijapani likipambwa kidogo linauzika kama hekima ya kale. Angalia shinrin-yoku, kuoga hewa ya msitu. Watu wanalisimulia kana kwamba limetoka kwa watawa wa karne nyingi zilizopita, kumbe lilibuniwa mwaka 1982 na idara ya misitu ya serikali ya Japani. Kutembea msituni ni kuzuri, na sina ugomvi nako. Ila ukienda kwenye bustani yako asubuhi ukiwa na matarajio kwamba lazima utoke humo umetulia, umeshajipa kazi nyingine ya kufanya, na niwaijiri imekwisha.

Wala usichanganye jambo hili na bustani za mawe ulizoziona kwenye picha. Ile ya hekalu la Ryoanji, Kyoto, yenye mawe 15 juu ya changarawe, ilipangwa kwa makusudi makubwa na hutunzwa kwa ratiba. Kenrokuen, bustani kubwa ya mji wa Kanazawa, ina jeshi la mafundi. Katika karne ya 11 tayari Wajapani walikuwa na mwongozo wa maandishi wa kutengeneza bustani, Sakuteiki, ambao unaanza moja kwa moja na namna ya kusimamisha mawe. Hayo ni mambo ya wakuu, mahekalu na mafundi wao. Anachofanya mzee wako kina ukoo mwingine, wa watu wa kawaida wenye nafasi finyu, na kwa maoni yangu ndio ukoo wenye visa vitamu zaidi.

Chukua mji wa Edo, ambao tangu 1868 unaitwa Tokyo. Watu wa chini waliishi katika nagaya, nyumba za safu zenye vichochoro vyembamba katikati. Ardhi ya kupanda haikuwepo, kwa hiyo walipanda kwenye vyungu. Wachuuzi walipita vichochoroni na mimea kwenye mti wa kubebea begani, kama walivyopita wauza samaki. Mmea uliowatia watu wazimu zaidi ni asagao, ua la asubuhi, linalofunguka alfajiri na kusinyaa kabla ya adhuhuri. Lilitoka China zamani likiwa dawa ya kumfanya mtu aharishe (mbegu zake ni sumu, usizionje), na Edo wakaligeuza mchezo. Mara mbili, kati ya 1804 na 1830 na tena kati ya 1848 na 1860, uliibuka mshawasha wa kuzalisha asagao za ajabu: petali zilizochanikachanika, majani yaliyojikunja, maua ambayo usingeapa kwamba ni ya mmea uleule.

Maua hayo ya ajabu mengi yalikuwa tasa, hayazai mbegu. Aliyetaka kuyapata tena mwaka uliofuata alilazimika kutunza mbegu za "ndugu" zao, yaani miche iliyozaliwa pamoja nayo lakini yenye sura ya kawaida, akijua kwamba baadhi ya watoto wake watatoka na sura ile ya ajabu. Watu hao walifanya hivyo wakati Mendel, anayehesabiwa kuwa baba wa elimu ya urithi, alikuwa bado hajachapisha matokeo ya njegere zake mwaka 1866. Hakuna aliyewaita wanasayansi. Walikuwa wanagusagusa vyungu.

Askari nao hawakubaki nyuma. Kikosi cha wapiga bunduki wa shoguni, mtawala wa kijeshi wa wakati huo, kilichokaa Okubo, mahali ambapo leo ni Shinjuku, kililima azalea, vichaka vya maua, ili kuongezea mishahara duni. Huko Somei, kaskazini mwa Edo, kulikuwa na kijiji kizima cha wauza miche. Jina lake limebaki kwenye aina ya sakura, mti wa maua ya cheri, iliyoenea zaidi Japani, Somei-yoshino, ambayo huzalishwa kwa kubebesha vikonyo, hivyo miti yote ni nakala ya mti mmoja. Mskoti Robert Fortune, yule aliyetorosha miche ya chai kutoka China kwa niaba ya Waingereza, alifika Edo mwaka 1860, akashangazwa na vitalu vya Somei na jinsi hata watu maskini walivyopenda maua.

Wewe uko Saitama, basi una bahati, kwa sababu mabaki ya historia hiyo yako karibu nawe. Angyo, katika mji wa Kawaguchi, ni eneo la vitalu vya miti lililokuwa likiilisha Edo miche, na bado linauza. Kijiji cha bonsai, yaani miti inayofanywa midogo vyunguni, cha Omiya kilianzishwa mwaka 1925 na mafundi waliohama Tokyo baada ya tetemeko kuu la 1923, wakitafuta udongo mzuri, maji safi na nafasi. Nenda siku ya mapumziko. Halafu siku nyingine panda treni hadi Nezu au Yanaka, Tokyo, upite vichochoro vya nyuma. Utaona vyungu vimepangwa ukutani hadi barabarani, vingine ni maboksi ya povu yaliyobeba samaki, vingine ndoo kuukuu. Ile ndiyo niwaijiri ya mtu asiye na niwa.

Mapenzi haya pia hupandwa mapema. Mtoto wa darasa la kwanza Japani hupewa chungu chake cha plastiki na mbegu za asagao. Humwagilia kila siku shuleni, na likizo ya kiangazi ikikaribia utawaona watoto wakirudi nyumbani wamekumbatia vyungu vinavyowazidi ukubwa. Ukiwa na mtoto, jiandae.

Niseme pia kwamba neno lenyewe lina umri. Mwaka 1997 neno gadeningu, lililotoka Kiingereza, liliingia kwenye orodha ya maneno kumi yaliyovuma zaidi Japani mwaka huo. Lilikuja na vikapu vya maua vya kuning'iniza, mawaridi na bustani za mtindo wa Uingereza, na wengi walioshabikia walikuwa akina mama. Tangu hapo mwanamke wa rika lako akipanda maua husema anafanya gadeningu, na niwaijiri ikabaki na harufu ya wazee, chai ya kijani na redio ndogo pembeni. Ukisema "Shumi wa niwaijiri desu", kwamba hobi yako ni niwaijiri, watu watatabasamu. Watabasamu tu. Binafsi nalipendelea hili la kizee, kwa sababu gadeningu inadai uwe na kitu cha kuonyesha.

Sasa bustani yako. Kosa ambalo ningependa ulikwepe ni kuchimba mapema. Katika nyumba ya kupanga hujui aliyetangulia alizika nini. Bustani nyingi za Japani zina mimea ya vitunguu vya ardhini inayotoweka miezi kadhaa. Higanbana, ua jekundu la kando ya makaburi na mashamba ya mpunga, hutoka mwishoni mwa Septemba bila jani hata moja. Majani hufuata maua yakishakwisha, hukaa majira ya baridi na kunyauka kabla ya kiangazi. Ukifika Julai ukaona mahali patupu, ukatia jembe, umekata vitunguu vyake vyote, navyo vina sumu. Acha mwaka uzunguke mara moja kabla ya kubadilisha mpangilio wowote.

Na wewe unayetazama bustani kwa jicho la mpishi, nisikilize hapa vizuri. Majani ya suisen, yale maua meupe na manjano ya mwisho wa baridi, yanafanana na nira, majani ya jamii ya kitunguu saumu wanayoweka kwenye gyoza, vijisambusa vya huko. Mamlaka za afya za Japani huonya juu yake tena na tena, kwa kuwa watu huyachuma kwa makosa, wakapika na kutapika. Ukiyasugua na yasinuke kitunguu saumu, usiyaguse tena. Na hata yakinuka, kama hukuyapanda mwenyewe, usile.

Kazi ya kuanzia ni kung'oa magugu, kusamushiri. Najua unajua kupalilia. Mufindi hakuna asiyejua. Tofauti ni kwamba hapa hupalilii ekari, unapalilia eneo la mkeka, kisha unasimama. Chagua asubuhi baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Kuna kisu kidogo kilichopinda kiitwacho nejirigama, kinauzwa kwa bei nafuu kwenye maduka makubwa ya vifaa vya nyumbani, kizuri kwa kukwangua juu ya ardhi. Utakutana na dokudami, mmea wenye majani ya umbo la moyo na harufu kali inayobaki mikononi. Ukiuvuta, shina hukatika na mzizi mweupe hubaki chini, na wiki mbili baadaye mmea unakucheka. Usijisumbue kuumaliza. Wazee hukausha majani yake wakanywa kama chai, na huo ndio mkataba wao nao: wanaung'oa kila wiki, unarudi kila wiki.

Kumwagilia kuna usemi wa wakulima wa maua: "mizuyari sannen", kumwagilia ni miaka mitatu. Maana yake ni kwamba ile kazi inayodhaniwa ya mtoto ndiyo ngumu kuliko zote. Kwa vyungu, gusa udongo kwanza; ukikauka juu, mimina mpaka maji yatoke chini, kisha acha. Kuvinyunyizia kidogokidogo kila saa kunaozesha mizizi ya juu na kuacha ya chini ina kiu. Miti na vichaka vilivyokwisha kushika ardhini, kama ume yako, havihitaji maji yako isipokuwa kiangazi kikiwa kikavu kwa muda mrefu. Japani hupata mvua nyingi, hasa kipindi cha tsuyu, Juni hadi katikati ya Julai.

Kupogoa, sasa. Wajapani wana msemo: "Sakura kiru baka, ume kiranu baka." Mpumbavu ni akataye sakura, na mpumbavu ni asiyekata ume. Haukutungwa kwa ajili ya kupendeza sikio. Sakura ikikatwa, kidonda huwa rahisi kuingiwa na kuvu na tawi huoza. Ume kwa upande wake hutoa machipukizi marefu yaliyonyooka juu, lakini maua na matunda hukaa kwenye vijiti vifupi. Usipopunguza yale marefu, unabaki na mti mkubwa wenye maua machache. Ume yako itachanua Februari au Machi. Ipunguze kidogo baada ya maua kuanguka, na kazi kubwa ya kuipa umbo iache hadi majani yapukutike.

Ajisai ina saa yake, na wengi huipitisha. Ikishachanua Juni, kata vichwa vya maua pamoja na majani mawili matatu ya chini yake kabla Julai haijaisha. Kuanzia mwishoni mwa kiangazi huanza kutengeneza vichipukizi vya maua ya mwaka ujao kwenye ncha za matawi. Ukiikata Novemba kwa sababu inaonekana chafu, mwaka ujao utapata majani matupu. Rangi yake pia usiilaumu: kwenye udongo wenye tindikali, ambao ndio wa kawaida Japani, madini ya alumini huyeyuka, mmea huyanyonya na ua huwa la buluu. Weka chokaa na polepole litaelekea uwaridi. Ni mchezo mzuri wa kuijiri kwa miaka, na hauna madhara kwa yeyote.

Uzio wa tsubaki ndio unaonitia hofu. Mti huo na mwenzake sazanka hushambuliwa na chadokuga, viwavi ambao manyoya yao hayaonekani kwa macho lakini yanawasha vibaya mno. Huja mara mbili kwa mwaka, Mei hadi Juni na tena Agosti hadi Septemba. Wakiwa wadogo hukaa wamepangana kwenye jani moja, vichwa vyote upande mmoja. Hata ngozi waliyojivua, hata viwavi waliokufa, huwasha. Kabla ya kuingiza mkono kwenye uzio, chungulia upande wa chini wa majani. Ukiwakuta wako kwenye jani moja, vaa glavu na mikono mirefu, kata jani taratibu bila kulitikisa, litumbukize kwenye mfuko na ufunge. Ukiguswa usijikune, bandika selotepu juu ya ngozi na kuibandua ili ivute manyoya, kisha osha kwa maji mengi. Vipele vikisambaa, nenda kwa daktari wa ngozi.

Joto nalo si la mchezo huko kwenu. Tarehe 23 Julai 2018 mji wa Kumagaya, mkoani mwako, ulifika nyuzi 41.1. Kila kiangazi Japani hupoteza wazee kwa maradhi ya joto, na baadhi yao huanguka wakiwa bustanini au shambani. Ndiyo maana mzee wako yuko nje saa kumi na mbili asubuhi na saa tatu ameshaingia ndani. Mwige kwa hilo, hata kama umri wako unakudanganya.

Mbu nao hupenda saa hizohizo. Huenda umemwona mzee akiwa na kikopo kinachofuka moshi kiunoni. Humo mna dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo, na kisa chake kinafika hadi kwenu Mufindi. Aliyeitengeneza ni Ueyama Eiichiro wa Wakayama. Mwaka 1890 alitoa vijiti vya kuchoma vilivyotengenezwa kwa pareto, lakini vilikwisha upesi. Umbo la kujizungusha, ambalo inasemekana lilikuwa wazo la mkewe, likaanza kuuzwa 1902. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Japani ndiyo iliyoongoza duniani kwa kilimo cha pareto. Vita vilipokata biashara hiyo, Kenya ikashika nafasi, na milima ya kusini mwa Tanzania nayo ikaingia. Siku hizi nyingi ya dawa hizo hutumia kemikali za viwandani zilizoiga pareto, lakini zile za pareto halisi bado zipo madukani. Mwambie mzee kwamba kwenu mnalima hilo ua jeupe. Mtapata mazungumzo ya asubuhi nzima.

Turudi kwenye mchicha. Japani kuna mmea wa bustani uitwao hageito, unaopandwa kwa ajili ya majani yake mekundu, manjano na kijani ya mwisho wa kiangazi. Jina lake la kisayansi ni Amaranthus tricolor. Ni mchicha, dada. Wao wameutazama kwa karne nyingi, sisi tumeukaanga. Kwa hiyo mchicha kwenye bustani ya maua si tusi kwa mtu, na mpaka kati ya katei saien na niwaijiri ni wa kwenye karatasi tu; mzee mwenye vyungu vitatu vya bilinganya katikati ya maua yake bado atasema anafanya niwaijiri. Wengi hupandisha hata goya kwenye nyavu mbele ya dirisha ili kupata kivuli, desturi iliyoshika kasi baada ya tetemeko la 2011 nchi ilipobana matumizi ya umeme. Hilo ni karela, Wahindi wa kwetu wanalijua.

Kinachobadilika ni mkono. Mchicha wa kula unaupanda kwa mistari, unatia mbolea, unavuna, unahesabu. Acha mashina mawili matatu usiyavune. Uyaone yakirefuka, yakitoa mashuke, yakimwaga mbegu mahali ambapo hukupanga. Ng'oa yaliyozidi, simamisha kwa kijiti lililoinama. Hapo umeshaanza, na hukuhitaji jiwe wala changarawe.

Yamebaki mambo ya sheria na ujirani. Soma mkataba wako wa nyumba. Kwa kawaida mpangaji hutarajiwa kung'oa magugu, lakini mti ni mali ya mwenye nyumba, na kuukata au kuung'oa ni uamuzi wake. Mwulize kwanza kuhusu ume na tsubaki, na hayo maua uliyong'oa mtajie pia, mapema kuliko kuulizwa siku ya kuhama. Matawi yanayovuka kwenda kwa jirani yashughulikie kabla hajasema. Sheria ya madai ya Japani ilibadilishwa kuanzia Aprili 2023: zamani jirani aliruhusiwa kukata mizizi iliyovuka mpaka lakini matawi ilibidi akuombe wewe uyakate, sasa, akikutaka uyakate na ukakaa muda wa kutosha bila kufanya hivyo, anaweza kuyakata mwenyewe. Mzee wako pengine hatafika huko, ila majani ya uzio wako yakianguka upande wake, nenda ukayafagie.

Taka za bustani usizichome. Kuchoma taka uani kumezuiwa, na moshi kwenye nguo za jirani zilizoanikwa ni ugomvi wa haraka. Magugu yakaushe siku moja mbili yapungue uzito, kisha yaende kwenye mfuko wa taka za kuchomwa siku yake. Matawi miji mingi hutaka yakatwe vipande vifupi, mara nyingi visivyozidi sentimita 50, na kufungwa kwa kamba. Kipimo cha mji wako kiko kwenye kalenda ya taka uliyopewa ulipojiandikisha.

Na kazi ikipita urefu wa kichwa chako, usipande ngazi. Miji mingi ina Shiruba Jinzai Senta, kituo kinachowapa kazi watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na kupogoa uzio ni miongoni mwa kazi zinazoombwa sana huko. Bei yake huwa nafuu kuliko ya fundi wa kampuni. Omba makadirio kwanza, yaani mitsumori, uulize kama kubeba matawi kumo ndani ya bei, na upige simu mapema, kwa sababu wakati wa vuli hadi mwisho wa mwaka foleni huwa ndefu.